Je, Yafaa Mwenye Mashua ya Kujifurahisha Ajiunge na Chama cha Taifa?

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo mtu wa bara, akilisikia mara ya kwanza, aweza kucheka na kusema, "Hilo ni la watu wa pwani, latuhusu nini sisi wa Namawala?" Jambo lenyewe ni hili: mtu aendeshaye mashua au ngalawa kwa kujifurahisha tu, si kwa kuvua samaki wala kwa kuchukua abiria, je, yafaa atoe fedha yake na kujiunga na chama cha taifa cha mchezo wa matanga? Akijiunga atapata nini, na asipojiunga atakosa nini?

Twaomba msicheke upesi. Mvua inyeshayo juu ya mashamba yetu ya mpunga huingia mto Kilombero. Kilombero hukutana na Luwegu, ukawa mto Rufiji. Na Rufiji huingia baharini ng'ambo ya kisiwa cha Mafia. Maji ni yale yale, na mambo ya watu wakaao juu ya maji hufanana kuliko tunavyodhani.

Swali hili hatukulitunga sisi, lilitufuata nyumbani. Tulikuwa Namawala kwa likizo, akaja kijana mmoja ambaye zamani tulimfundisha kusoma. Sasa afanya kazi Dar es Salaam, na huko, siku za mapumziko, amejifunza kuendesha mashua ndogo ya tanga.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Habari za pwani?"

"Njema. Lakini nina shauri. Wenzangu waniambia nijiunge na klabu, na kwa njia ya klabu nihesabiwe katika chama cha taifa. Ada si ndogo kwa mshahara wangu. Upepo ni wa Mungu, bahari ni ya Mungu, na kutweka tanga nimekwisha kujua. Nilipie nini?"

Barazani alikuwapo mzee mmoja, Mndamba, aliyezaliwa katika dago la wavuvi. Kabla hatujafungua kinywa akadakia: "Babu zetu walipita mto huu kwa kafi na upondo, wala hapana aliyekuwa na kadi ya chama. Mamba hasomi kadi." Watu wakacheka, nasi tukacheka. Lakini usiku hatukulala upesi, kwa sababu tuliona kwamba kijana ana haki kuuliza, na mzee naye ana haki kushuku. Basi tukaanza kulipima shauri hili polepole, na leo twawaletea tuliyoyaona.

Kwanza yafaa tueleze mchezo wenyewe. Watu wa pwani yetu wamejua tanga tangu zamani sana. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi iliyarudisha kwao. Hiyo ilikuwa kazi na biashara. Mchezo wa matanga ni kwenda majini bila shehena, kwa kupenda upepo na kwa kupenda kushindana. Nao si mchezo wa wageni peke yao. Unguja watu hushindana kwa ngalawa, na Lamu siku za Maulidi vyombo hushindana mbele ya mji mzima, na nahodha aliyeshinda huimbwa na watoto njiani. Wazungu nao walipokuja walileta mashua zao na desturi yao ya klabu. Klabu ya mashua ya Mombasa ilianzishwa mwaka 1910, na ile ya Dar es Salaam mwaka 1933. Nayo ipo mpaka leo huko Msasani.

Sasa, chama cha taifa ni kitu gani, na kilizaliwa kwa haja gani? Wale wapendao mpira watatuelewa upesi. Zamani huko Uingereza kila shule ilicheza mpira kwa kanuni zake. Wengine walishika mpira kwa mikono, wengine walikataza. Timu mbili zikikutana, ugomvi ulianza kabla ya mchezo. Mwaka 1863 vilabu kadhaa vilikutana London vikaunda chama, wakaandika kanuni moja. Ndiyo sababu leo kijana wa Ifakara aweza kwenda Dar es Salaam, au hata Brazil, akacheza bila kuuliza mkwaju wa adhabu ni nini.

Mambo ya mashua yalikwenda vivyo hivyo. Kila klabu ilikuwa na kanuni zake na kipimo chake, na mwenye mashua aliyetoka bandari moja kwenda nyingine hakujua atahukumiwa kwa sheria gani. Mwaka 1875 waendesha mashua wa Uingereza waliunda chama chao cha mashindano, ambacho katika miaka ya 1950 kilipata jina lake la sasa, Royal Yachting Association. Mwaka 1907 wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana Paris wakaanzisha chama cha dunia. Na tangu mwaka 2015 chama hicho huitwa World Sailing. Basi ngazi ni hizi: mtu yumo katika klabu, klabu imo katika chama cha taifa, na chama cha taifa kimo katika chama cha dunia.

Katika nchi yetu ipo ngazi nyingine ambayo yafaa kila mwanafunzi aijue. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na vyama vya michezo huandikishwa kwa Msajili wa Vyama vya Michezo. Zanzibar ina baraza lake. Hivyo chama cha michezo si kundi la marafiki tu. Kina katiba, kina viongozi wa kuchaguliwa, na chaweza kuulizwa habari zake. Kumbukeni neno hilo, maana tutalirudia.

Sasa tuje kwenye faida. Tumeziona nne.

Faida ya kwanza ni kanuni za kupishana. Tanga si kama gari; chombo cha tanga hakiwezi kwenda moja kwa moja kuelekea upepo unakotoka, bali hupiga bisho, kikienda mshazari mara kulia mara kushoto. Vyombo ishirini vikifanya hivyo mahali pamoja, njia zao hukatana kila dakika. Nani ampishe nani? Kanuni yasema hivi. Chombo kinachopata upepo kwa upande wa kushoto hukiepuka kile kinachopata upepo kwa upande wa kulia. Vyote viwili vikipata upepo kwa upande mmoja, kile kilicho karibu na upepo unakotoka hukiepuka kile kilicho chini ya upepo. Nacho kinachotoka nyuma kikataka kupita, ndicho chenye kujihadhari. Maneno haya ni machache, mtoto wa darasa la nne aweza kuyashika kwa siku moja. Lakini hayana nguvu mpaka watu wote waliomo majini wayajue na wayakubali. Mtu mmoja mwenye kanuni nzuri katikati ya watu wasio na kanuni atagongwa kama wengine.

Faida ya pili ni kipimo cha haki. Hapa twaomba wanafunzi wachukue kalamu. Tuseme mashua mbili zashindana. Moja ni ndefu na nyepesi, ya pili ni fupi na nzito. Zikienda pamoja, ile nyepesi itatangulia kila siku, na mwenye ile nzito atachoka kushindwa, ataacha mchezo. Basi watu walitafuta njia ya kuzilinganisha. Kila namna ya mashua hupewa namba, ndogo kwa mashua yenye mbio, kubwa kwa mashua ya polepole. Tuzipe zetu namba rahisi: ile nyepesi 1000, na ile nzito 1200. Siku ya mashindano ile nyepesi yafika kwa dakika 60, na ile nzito kwa dakika 70. Sasa twazidisha dakika za kila moja kwa 1000, kisha twagawanya kwa namba yake. Ile nyepesi yabaki na dakika 60. Ile nzito, 70 mara 1000 ni 70,000. Gawanya kwa 1200, twapata dakika 58 na sekunde 20. Basi iliyofika nyuma ndiyo iliyoshinda, kwa kuwa nahodha wake aliitumia vizuri zaidi kuliko mwenziwe alivyoitumia yake.

Lakini namba hizo zatoka wapi? Mtu mmoja hawezi kuzijua kwa kutazama mashua kwa macho. Huko Uingereza vilabu huandika saa za mashindano yao na kupeleka hesabu kwa chama cha taifa. Chama hukusanya hesabu za mashindano mengi, hulinganisha, kisha hutangaza namba za mwaka. Hapa ndipo twaona kazi ambayo hata tajiri mwenye mashua kumi hawezi kuifanya peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Faida ya tatu ni mafundisho na usalama, na hapa tutakawia kidogo, kwa sababu tuna jambo la kuwaambia ambalo tuliliona kwa macho yetu wenyewe.

Mwaka mmoja, masika yakielekea mwisho, bonde lilikuwa bado limejaa maji. Mnajua jinsi linavyokuwa: majani yatokeza juu ya maji kama shamba, na mtu asiye mwenyeji hawezi kujua mto uko wapi na mbuga iko wapi. Vijana wakapatana kushindana kwa mitumbwi, toka diko moja mpaka mti mkubwa na kurudi. Mitumbwi ilikuwa sita au saba. Hata leo hapana ajuaye idadi kwa hakika, na hapo ndipo kosa lilipokuwa. Waliondoka kwa kelele na vicheko. Walirudi mmoja mmoja, wengine kwa njia nyingine, wengine wakaenda moja kwa moja majumbani kwa njaa. Mshindi alibebwa mabegani. Jua likatua.

Wakati wa magharibi mama mmoja alikuja dikoni akauliza, "Mwanangu yuko wapi?" Kila mtu alimtazama mwenziwe. Mmoja alisema amemwona mbele, mwingine alisema amemwona nyuma. Hapana aliyehesabu walioondoka, basi hapana aliyeweza kuhesabu waliorudi. Wavuvi wawili walichukua taa wakaingia majini usiku, mahali penye viboko, wakiita jina lake. Walimkuta ameshika shina la mti, maji yakimfika kifuani, sauti imemwisha kwa kupiga kelele. Mtumbwi wake ulikuwa umepinduka zamani, penye mkondo, na wenziwe walipita karibu wakidhani atapanda mwenyewe. Tunamshukuru Mungu kwamba alipona. Lakini mama yule hatukuweza kumtazama usoni kwa siku nyingi, maana sisi walimu tulikuwa miongoni mwa waliosimama kandokando tukishangilia.

Tulijiuliza baadaye: ingegharimu nini kumwokoa mapema? Daftari moja na kalamu moja. Mtu mmoja wa kuandika majina wakati wa kuondoka, na kuyafuta kila mmoja arudipo. Mtumbwi mmoja wa wavuvi watu wazima, usioshindana, wa kuwafuata vijana nyuma. Basi, hayo tu. Kijiji chetu hakikuwa na maskini wa daftari. Kilichokosekana ni mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu. Jambo la kila mtu halikuwa jambo la mtu yeyote.

Katika klabu nzuri za matanga kazi hiyo ina mwenyewe. Mashindano hayaanzi mpaka majina yameandikwa na mashua ya kuokoa imo majini. Kila mtu huvaa jaketi la kujiokoa, hata yule ajuaye kuogelea, kwa sababu mtu aliyepigwa na boriti ya tanga kichwani hawezi kuogelea. Anayejifunza hufundishwa kwa makusudi kuipindua mashua yake na kuiinua tena, ili siku itakapopinduka yenyewe asifadhaike. Mwalimu hupimwa kabla hajaruhusiwa kufundisha, na hati yake hutambuliwa katika klabu nyingine. Chama cha taifa ndicho kinachoweza kusema, "Mafunzo ni haya, na kipimo cha mwalimu ni hiki." Bila hicho, kila klabu hufundisha inavyopenda, na mwanafunzi hajui kama amefundishwa vyema au la mpaka siku ya dhoruba.

Faida ya nne ni sauti. Serikali hutunga sheria za vyombo vya majini, na ni haki yake. Katika Tanzania Bara usalama wa vyombo husimamiwa na Shirika la Wakala wa Meli, TASAC, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017; Zanzibar ina Mamlaka ya Usafiri Baharini. Wakubwa wakikaa kutengeneza amri, hufikiri kwanza meli na vivuko, na hiyo si ajabu. Hapana aliyesahau MV Bukoba ya mwaka 1996, wala MV Spice Islander ya mwaka 2011, wala MV Nyerere ya mwaka 2018. Lakini amri iliyofaa meli ya abiria yaweza kuwa nzito mno kwa mwenye ngalawa ya mchezo, au nyepesi mno. Nani atakwenda kueleza? Mtu mmoja akiandika barua, barua moja imefika. Chama kikiandika, wamesema watu wote waliomo. Uingereza, kwa mfano, hata leo mtu halazimishwi kuwa na leseni ili aendeshe mashua yake ndogo ya kujifurahisha baharini. Na chama chao cha taifa kimeshika shauri kwamba mafundisho ya hiari yafaa kuliko kulazimisha. Kama ni sawa au si sawa, hilo ni shauri lao. Sisi twaonyesha tu kwamba walikuwa na mahali pa kusemea.

Hata hapa bondeni mfano upo. Wakulima wadogo wa miwa upande wa Kidatu walijiunga katika vyama, kwa sababu mtu mmoja mwenye eka mbili hawezi kusimama mbele ya kiwanda na kuuliza bei, wala kuuliza jinsi sukari iliyomo katika miwa yake ilivyopimwa. Akiwa katika chama, aweza kuuliza.

Hizo ndizo faida. Lakini mwalimu asemaye faida peke yake amekuwa mchuuzi. Na hasara nazo tuzitaje.

Ya kwanza ni fedha. Ada ya klabu, ada ya chama, nauli ya kwenda na kurudi, jaketi, kamba, tanga: mtu mwenye watoto shuleni lazima afikiri. Ya pili ni umbali. Chama kikaacho mjini hufahamu mambo ya mjini. Mtu wa Namawala, wa Mafia au wa Ukerewe aweza kulipa kila mwaka bila kumwona kiongozi hata mmoja. Ya tatu, vyama vya matanga vilianzishwa na watu wapendao mashindano, na mpaka leo mashindano huchukua nafasi kubwa. Mtu atakaye kwenda polepole jioni, akitazama ndege na machweo, aweza kuona kwamba kazi nyingi za chama hazimhusu.

Ya nne ndiyo mbaya kuliko zote, nayo ni uongozi usio na hesabu. Tulipokuwa vijana, tumeanza kazi tu, tulijiunga na chama kimoja, si cha mashua, na jina lake halina haja hapa. Tulilipa ada miaka miwili. Hatukuitwa mkutanoni, hatukusomewa hesabu, hatukupata hata karatasi. Mwaka wa tatu tulipouliza, tuliambiwa kwamba wanaouliza maswali ndio wanaovunja umoja. Tangu siku hiyo tumejua kwamba neno "umoja" katika kinywa cha mtu asiyeonyesha daftari ni neno la kuogopwa.

Tena yafaa tuonye: kadi ya chama si hirizi. Haiondoi wajibu wa sheria. Chombo kinachopaswa kukaguliwa lazima kikaguliwe, awe mwenyewe ni mwanachama au la. Wala kadi haitulizi upepo. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo mkali na mawimbi makubwa, mwanachama na asiye mwanachama wote wabaki ufukoni. Hapo yule mzee wetu alisema kweli tupu: mamba hasomi kadi.

Kuna hoja moja ya kijana ambayo ni ya akili sana, nasi hatutaki kuiruka. Alituuliza: "Mwalimu, kama chama kikizungumza na serikali na sheria ikawa nzuri, hata mimi nisiyelipa nitaifaidi. Kanuni za kupishana nitazisoma bure. Mashua ya kuokoa haitaniacha nife kwa kuwa sina kadi. Basi kwa nini nilipe?" Ni kweli. Huko Uingereza kipo chama cha mashua za kuokoa, kilichoanzishwa mwaka 1824; watu wake wengi hujitolea, fedha yake hutoka katika sadaka za watu, nao humwokoa kila mtu bila kuuliza amelipa au hakulipa. Nasi tulimjibu kwa mfano wa njia ya kwenda kisimani. Siku ya kufyeka njia, mtu aweza kulala nyumbani, na kesho akapita njia iliyofyekwa na wenziwe. Hapana atakayemzuia. Lakini wakilala wawili, kisha watano, kisha kumi, majani huota, nyoka hukaa, na yule aliyejiona mwerevu huumwa pamoja na wengine. Akanyamaza. Alikuwa amewahi kufyeka njia ile.

Sasa, tumwambie nini? Hatukumwambia "Jiunge" wala "Usijiunge." Tulimpa maswali matatu, akaulize kabla hajatoa fedha.

Swali la kwanza: Je, wanahesabu watu? Wakati wa kwenda majini, je, kuna daftari la walioondoka na waliorudi? Je, mashua ya kuokoa ipo kweli, ina mafuta, na ina mtu? Je, anayejifunza ana mwalimu aliyepimwa? Klabu isiyohesabu watu wake, hata ikiwa na jengo zuri na vikombe vya fedha kabatini, haifai kupewa roho ya mtu.

Swali la pili: Je, wanahesabu wakati na kipimo kwa haki? Mwenye mashua kuukuu hupewa nafasi sawa na mwenye mashua mpya? Kanuni zimeandikwa mahali ambapo mgeni aweza kuzisoma? Mkubwa akivunja kanuni, huhukumiwa kama mdogo?

Swali la tatu: Je, wanahesabu fedha mbele ya watu? Chama kimeandikishwa? Mkutano mkuu hufanywa kila mwaka? Mwanachama wa kawaida aweza kuuliza ada yake ilikwenda wapi, na akajibiwa bila kukasirikiwa?

Tukamwambia: ukipata "ndiyo" mara tatu, lipa ada, hata kama itakubidi kuacha kitu kingine, kwa sababu umenunua kitu usichoweza kujitengenezea peke yako. Ukipata "ndiyo" ya swali la kwanza peke yake, jiunge na klabu upate mafundisho, nawe uwe miongoni mwa watakaodai mengine mawili kutoka ndani. Maana asiye mwanachama hana kura. Ukikosa la kwanza, ondoka, hata ukipewa uanachama bure.

Na mtu asiye na klabu karibu naye je? Sisi wa Namawala tufanye nini? Bahari iko mbali, na hapana atakayetuletea tawi la chama cha matanga katika bonde la mpunga. Tena zamani kuvuka mto kwa maji lilikuwa jambo la lazima. Kivuko cha MV Kilombero II kilipinduka mtoni mwezi Januari 2016; daraja lililofunguliwa mwaka 2018 sasa limeunganisha Ifakara na upande wa Ulanga, na gari hupita juu ya maji. Lakini vijana wetu hawakuacha mitumbwi. Wangali wavua, na siku za furaha wangali washindana.

Twaona kwamba chama huanza dikoni, kabla ya kuanza mjini. Wazee wawili, vijana wawili, mwalimu mmoja na mvuvi mmoja wakae pamoja chini ya mwembe. Waandike maneno machache tu: mashindano yafanywe kiangazi, mto ukiwa umetulia, wala yasifanywe wakati wa mafuriko, asiyejua kuogelea asishindane, majina yaandikwe dikoni, mitumbwi miwili ya watu wazima ifuate nyuma, kila mtumbwi uwe na upo wa kutekea maji na filimbi, penye mkondo mwembamba kila mmoja ashike upande wake wa kulia, na atakayemwona mwenziwe amepinduka aache mashindano amsaidie, wala asihesabiwe kuwa ameshindwa. Kundi kama hilo likidumu miaka miwili na daftari lake likiwa safi, linaweza kwenda kwa afisa wa michezo wa wilaya na kuuliza habari za kuandikishwa. Siku hiyo litakuwa na kitu cha kuonyesha.

Mwisho wa mazungumzo yale tulimgeukia yule mzee, tukamwuliza kama bado ashikilia kwamba babu zetu hawakuwa na chama. Alifikiri kidogo, akasema: "Kadi hawakuwa nayo. Lakini katika dago letu, usiku, baba yangu hakula mpaka amehesabu mitumbwi yote ufukoni. Kama ulipungua mmoja, chakula kilifunikwa."

Hatukuwa na neno la kuongeza. Kijana alirudi Dar es Salaam na maswali yake matatu mfukoni. Nanyi mliotusikiliza, mkiombwa ada ya chama chochote, kiwe cha mashua, cha mpunga au cha mpira, ulizeni kwanza kama huko kuna mtu ambaye hali chakula mpaka amehesabu. Kwa herini.